Kichuguu cha Mwaka wa Mvua

Mume wangu Erastus ana akili nyingi. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili mtu asije akadai kwamba nilianza kwa kumteta. Anasoma Biblia kwa Kiluhya na kwa Kiswahili, ananyoa watu wazima bila kuwatoa damu, na bendera ya uhuru ilipopandishwa mwaka wa 1963 alitueleza maana ya kila rangi palepale uwanjani, kabla hata hajaulizwa. Kuna kitu kimoja tu duniani kilichoishinda akili hiyo, nacho ni rundo la udongo.

Rundo lenyewe liko juu kabisa ya shamba la baba mkwe, upande unaotazamana na msitu wa Isecheno. Ni kichuguu cha kawaida, kinamfika mtu kiunoni, na kileleni kina nyasi chache kama nywele za mzee. Kwetu sisi kichuguu hakidharauliwi. Kina mwenyewe, kinarithiwa, na ukikigusa bila ruhusa utaitwa mbele ya wazee ujieleze. Kumbikumbi wakitoka, mwenyewe ndiye anayekusanya na jirani anangoja kuitwa. Kwa hiyo sikatai kwamba kichuguu ni mali. Ninachokataa ni kwamba kinaweza kushindana na kijito chenye maji mwaka mzima.

Maana kijito pia kilikuwepo. Shamba la baba mkwe lilianzia huko juu kwenye kichuguu, ambako udongo ni changarawe nyekundu, likateremka mpaka kwenye maji, ambako udongo ni mweusi na mguu unazama. Mimi tangu niolewe nililima huko chini. Nilipanda nduma kwenye matope, migomba juu kidogo, kisha mboga zangu za majani, kunde, saga na mrenda. Kiangazi kilipokaza na wanawake wengine wakaanza kuzunguka na vikapu vitupu, mimi nilikuwa nachuma tu. Watoto wangu hawakuwahi kulala njaa, na hilo silisemi kwa kujisifu. Haya, nalisema kwa kujisifu kidogo.

Basi ukaja mwaka wa 1961. Wenye umri wangu wanaukumbuka. Mvua ilinyesha mpaka madaraja yakachukuliwa na maji, mahindi yakaoza shambani, na tukagawiwa mahindi ya njano ambayo hata kuku waliyatazama vizuri kabla ya kuyadonoa. Siku moja mchana mvua ikapumzika, jua likatoka, na Erastus akasema anakwenda kugonga kichuguu.

Kugonga kwenyewe ni hivi. Unafunika kichuguu kwa majani ya migomba na mablanketi mpaka ndani kuwe giza, unaacha mlango mmoja wa mwanga, na mbele ya mlango huo unachimba shimo. Kisha unanyunyiza maji, unalaza mti mkavu chini, unaupiga kwa vijiti viwili, haraka haraka, bila kupumzika, usikike kama matone. Kumbikumbi huko ndani wanadhani mvua yao imefika, wanakimbilia mwanga, wanaanguka shimoni. Yaani kazi yote ni kumshawishi mdudu kwamba mambo mazuri yameanza. Miaka michache baadaye niliona kazi hiyohiyo ikifanyiwa watu, kwa vipaza sauti.

Siku hiyo kumbikumbi walitoka. Wala sitii chumvi. Walijaza shimo, wakajaza vikapu, wakajaza beseni la kuogea watoto, na mwishowe Erastus akavua shati, akafunga fundo mikono ya shati hilo, akalijaza nalo. Tuliwakausha kila jua lilipochungulia. Wanawake wa biashara walitufuata kutoka Mumias wakiwa na magunia. Kumbikumbi hao ndio waliotuletea baiskeli. Ndio pia waliomfanya chifu, baada ya kupelekewa kikapu kizima, amkaribishe mume wangu barazani akae kwenye kiti chenye mgongo pamoja na wakubwa, yeye ambaye siku zote alikuwa akisimama nyuma kwenye jua.

Lakini baiskeli na kiti si kitu. Jioni ya siku ile mama mkwe wangu, Kageha, alikula mpaka akaegemea ukuta, akasema mbele ya wageni, "Kumbe Erastus pia ni mtoto."

Huenda hamuoni uzito wa maneno hayo. Kageha alizaa wana wawili, na mdomoni mwake alikuwa na mmoja tu, mdogo, Cornelius. Cornelius alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la Mzungu mmoja huko Lugari, karibu na Mautuma, na kila Krismasi alimletea mama yake sukari na blanketi. Erastus aliyebaki nyumbani akimchotea maji, akimpasulia kuni na kumtibia ng'ombe, alikuwa tu yule mwingine. Jioni ile nilimwona mume wangu akitoka nje, akasimama nyuma ya nyumba peke yake, akijifuta macho kwa kiganja. Nilimpenda sana. Na ninavyoona mimi, hapo ndipo tulipoharibikiwa.

Mwaka wa 1962 mvua ilinyesha vizuri tu. Erastus alifunika, akanyunyiza, akagonga tangu asubuhi mpaka mikono ikamtetemeka. Walitoka siafu. Alisema kosa lilikuwa la mti, kwamba haukuwa ule aliougonga 1961. Mwaka wa 1963 aliusaka mti wenyewe mpaka akaupata kwenye kuni za jirani, akagonga tena, na safari hii walitoka kumbikumbi wa kujaza kiganja. Ningeshukuru sana kama wasingetoka kabisa. Kichuguu kingenyamaza moja kwa moja, mume wangu angekasirika, angekitukana, angekisahau. Lakini kile kiganja kilimtia nguvu ya mwaka mzima. Alikipeleka kwa mama yake kwenye sahani, akitembea taratibu asije akamwaga hata mmoja.

Basi Wazungu wa Lugari wakaanza kufunga virago, na yule wa Cornelius akafunga vyake. Shemeji yangu akarudi nyumbani na mke wake Beldina, na plau ya ng'ombe ambayo hakuna aliyeuliza ilikotoka. Baba mkwe alikuwa ameshafariki na shamba halijagawanywa. Cornelius ni mtu wa maneno machache. Alilitembea shamba kutoka juu mpaka chini. Huko juu aliokota udongo, akaunusa, akautupa. Huko chini aliokota udongo, akaunusa, akafuta mkono polepole kwenye suruali. Kisha akaja kukaa na kaka yake mlangoni kwetu.

"Kaka," alisema, "ile kichuguu yako ni kubwa sana. Hata kule Lugari sijaonanga kama hiyo."

Erastus alitabasamu mpaka nikamwonea huruma. Mimi nilikuwa nachambua kunde. Nilimtazama shemeji usoni kwa muda mrefu kuliko inavyofaa mke wa mtu kumtazama shemeji yake, naye akatazama msitu.

Mwanzoni mwa 1964 wazee wa kamati ya mashamba walifika kwetu. Serikali mpya ilitaka kila mtu awe na mpaka wake unaojulikana, upandwe mkonge, ili baadaye wapimaji wakija wasikute watu wakishikana mashati. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Barnaba, mtu wa haki sana, hasa akishapewa uji. Aliwaketisha ndugu wawili uani na kusema kwamba shamba litakatwa katikati, sehemu ya juu na sehemu ya chini, na kwa kuwa Erastus ni kifungua mimba, yeye ndiye atakayechagua kwanza. Wangerudi Ijumaa ya wiki iliyofuata kusikia neno lake na kuweka mpaka.

Jioni hiyo nilimpakulia mume wangu obusuma, ugali wetu, na nduma pembeni, nikaketi mbele yake.

"Baba Musimbi, wazee wakikuuliza, utasema chini, sivyo?"

"Chini kuna nini?"

"Kuna hiyo unayotafuna."

Alitazama sahani kama mtu aliyeletewa habari. "Mboga ni mboga tu," alisema. "Mboga inameanga popote. Kichuguu, wewe unaweza kupanda?"

"Kilitoa mwaka gani, Baba Musimbi?"

"Sitini na moja."

"Na sitini na mbili?"

"Hiyo mwaka tulikosea mti."

"Na mwaka jana?"

"Mwaka jana kilitoa."

"Kilitoa kiganja kimoja. Mama alikula peke yake na hakushiba."

"Lakini kilitoa," alisema Erastus, akamega tonge lingine.

Kuna watu unaweza kubishana nao, na kuna watu waliokwisha kuona kwa macho yao. Nilikwenda kwa mama mkwe nikamwomba aseme na mwanawe. Kageha alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwamba ule mwaka wa mvua alikula mpaka akasahau kuwa ana tumbo la kuuma, kisha akaniomba nimletee mboga kesho. Niliona kwamba huko hakuna msaada. Hofu ikaanza kunishika kweli. Nilikuwa na watoto wanne, Musimbi akiwa mkubwa, na kila kitu walichokula kilitoka kwenye ule udongo mweusi.

Hapo ndipo nilipopata werevu wangu. Wazee walipita tena katikati ya wiki kukagua njia ya ng'ombe, wakaketi uani na ndugu wawili, nami nikawapelekea uji. Wanawake hatukuulizwa maoni yetu juu ya mashamba, lakini hakuna aliyetukataza kupeleka uji, na ukishampa mzee kikombe cha moto hawezi kukufukuza kabla hajakimaliza.

"Wazee wangu, naomba neno moja," nilisema.

"Sema, mama," alisema Mzee Barnaba, "lakini lisiwe refu."

"Mume wangu anasema kichuguu kinatoa. Mimi nasema hakitoi. Siku mtakayokuja kuweka mpaka, agonge mbele yenu. Wakitoka, achukue juu, na mimi sitafungua mdomo tena. Wasipotoka, tuchukue chini."

Wazee walinipenda ghafla. Niliona kila mmoja akimeza mate. Erastus alinishika mkono na kuutikisa kana kwamba nimeokoka, maana aliamini nimehamia upande wake. Mtu mmoja tu ndiye aliyekunja uso, naye ni Cornelius. Alitazama mbingu, akaitazama tena. Haikuwa na wingu hata moja, na nilifurahi kumwona amefadhaika.

Nilijua ninachofanya, jamani. Mvua zilikuwa zimechelewa, vumbi la njiani lilikuwa linafika kwenye vifundo vya miguu. Na hata kama ingenyesha, kwani mwaka wa 1962 haikunyesha? Kichuguu kikatoa nini zaidi ya siafu? Kwani 1963 haikunyesha? Niliwatangazia wanawake wote kisimani kwamba mume wangu ameona mwaka mmoja mzuri akadhani ndiyo desturi ya dunia. Walicheka sana, nami nikacheka pamoja nao.

Alhamisi jioni ilinyesha. Haikuwa manyunyu, ilikuwa mvua ya kujaza mitaro, na Erastus alitoka akasimama uani imloweshe. Mimi nilijifunika nikajiambia kwamba mvua si kitu, kwamba tumeshaona mvua nyingi pale na tumeshaona siafu.

Ijumaa asubuhi wazee walifika mapema kuliko walivyowahi kufika kwenye jambo lolote la maendeleo. Mzee Barnaba alikuja na kamba ya kupimia. Wengine walikuja na vikombe. Erastus alikuwa amevaa shati la kwendea kanisani. Alikifunika kichuguu kwa uangalifu kama anayefunika mgonjwa, akachimba shimo, akakaa, akaanza kugonga. Cornelius, ambaye hatukumwomba, alichukua vijiti vingine akakaa upande wa pili, akagonga kwa bidii ambayo sijawahi kumwona nayo kwenye mazishi wala kwenye harusi.

Waligonga. Jua likapanda. Mzee mmoja akaanza kusinzia. Nilisimama mbele yao nimekunja mikono, nikishuka na macho yangu mpaka kule chini kwenye migomba, nikifikiria mahali nitakapoongeza mrenda. Nilikuwa na amani moyoni.

Kumbikumbi mmoja akatoka. Alikuwa mkubwa, mwenye mabawa marefu. Alisimama mlangoni akigeuka huku na huku, kisha akaanguka shimoni. Nikasema moyoni, mmoja si kitu. Wakatoka watatu. Wakatoka kumi. Kisha udongo wote pale mlangoni ukaanza kutembea.

Haikuwa kama 1961, na hilo nitalishikilia mpaka kufa kwangu. Lakini vikombe vilijaa, kikapu kikajaa, na wazee wakasahau uzee wao wakapiga magoti kuzunguka shimo, wakiwala wabichi, mabawa yakiwaganda kwenye midomo. Kageha aliletwa akishikwa mkono. Alikula, akampigapiga mwanawe begani, akasema, "Mtoto wangu." Erastus alinitafuta kwa macho katikati ya watu wote hao. Hakunicheka. Alikuwa na furaha tu, alitaka nione, na ingekuwa rahisi kwangu kama angenicheka.

"Basi, kichuguu kimesema," alisema Mzee Barnaba, akitoa bawa kwenye jino. "Erastus amechukua juu. Mama Musimbi, una neno?"

"Sina, mzee."

Nilikuwa nimeahidi mbele ya watu. Isitoshe mdomo ulikuwa umejaa, maana na mimi nilikuwa nakula. Walikuwa watamu, nisiseme uongo.

Cornelius aliinamisha kichwa kama mtu aliyetwishwa mzigo. "Nitachukua tu hiyo chini," alisema, "kwa sababu ni kaka. Singeweza kumkatalia." Wazee walimsifu kwa heshima yake.

Mkonge ulipandwa siku hiyohiyo. Ulipita juu kidogo ya migomba yangu. Walipoondoka niliteremka nikaketi katikati ya nduma, nikalia mpaka Musimbi akaja kuniita. Nililia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Mume wangu aliona mwaka mmoja mzuri akautegemea, sawa. Na mimi niliona miwili mibaya nikaitegemea vilevile, nikaweka dau chakula cha watoto wangu, nikijiona mjanja.

Maisha ya huko juu hayahitaji maelezo marefu. Mahindi yaliota ya manjano, membamba, yakitetemeka. Kunde ziliota zikafa. Erastus alikataza jembe lisikaribie kichuguu kwa sababu kishindo kingewafukuza, kwa hiyo ile sehemu ndogo yenye udongo wa kufaa ndiyo tuliyoiacha. Maji niliendelea kuchota kijitoni, maana maji hayana mkonge. Kila siku nilipita na mtungi kichwani katikati ya nduma nilizozipanda kwa mikono yangu, nikimsalimu Beldina aliyekuwa akizing'oa, naye akinijibu vizuri sana. Hajawahi kunikosea adabu. Ningependa anikosee.

Na kichuguu? Mwaka wa 1965 hakikutoa kitu, na Erastus akaeleza kwamba kinapumzika, kama mwanamke aliyejifungua. Mwaka wa 1966 kilitoa kikombe kimoja. Naona mmeshaelewa kikombe hicho kilifanya kazi gani. Wakati huo watoto walikuwa wanakula obusuma kwa chumvi, na Musimbi alikuwa ameanza kukonda mashavu. Aliniuliza siku moja kwa nini hatuchumi tena kwenye mboga zetu. Nilimfokea, halafu nikaenda kujificha jikoni.

Mwaka huohuo Beldina alijifungua kwa shida akapelekwa kwa mama yake kupona, na shamba la chini likaota magugu. Nilimeza kiburi changu, nikateremka, nikasimama mbali kama inavyotakiwa.

"Shemeji," nilisema, "naona kazi imekuzidi. Nipe kipande kidogo kando ya maji nilime, hata msimu mmoja."

Cornelius alitazama magugu, akanitazama. "Chukua ile ya pale, shemeji," alisema. "Msimu huu."

Sijui niuelezeje msimu huo. Nilitia jembe kwenye udongo ule nikausikia ukinipokea. Nilipanda kunde na saga na mrenda, na mvua ikaja kwa wakati wake, na jioni sufuria ilikuwa inajaa mpaka kifuniko kinainuka. Musimbi alirudisha mashavu. Mdogo wake alianza kuimba akila. Nilikuwa natembea kijijini nimeinua kichwa, nikiwagawia majirani mboga ambazo hawakuniomba.

Beldina akapona, akarudi. Mwaka uliofuata, mvua zilipokaribia, niliteremka tena na jembe begani.

"Tutaona, shemeji," alisema Cornelius. Na wakati tukiendelea kuona, akaniomba nimsaidie kupalilia migomba kidogo. Nilipalilia migomba yote. Mvua ikanyesha, kile kipande akapanda Beldina.

Mwaka wa 1968 niliteremka mapema zaidi, maana nilifikiri kwamba kosa langu lilikuwa kuchelewa. Nilipalilia migomba bila kuombwa. Nilimpelekea Beldina kuni. Nilizibua mtaro wa maji uliokuwa umejaa matope, kazi ya wanaume wawili, na Cornelius akaja akasimama juu yangu akasema kwamba nimezibua vizuri kuliko kijana yeyote wa siku hizi. Nilifurahi kusifiwa, nikadhani ndiyo dalili. Nikanawa miguu kijitoni, nikamwendea, nikamkumbusha kile kipande.

"Tutaona, shemeji," alisema.

Nilipanda mlima polepole. Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa Isecheno, na Erastus alikuwa ameshakifunika kichuguu. Alikuwa amekaa chini, akinyunyiza maji kwa kitawi. Aliliona jembe langu lilivyo na matope, akaona mikono yangu haina kitu.

"Amekataa tena?"

"Amesema tutaona."

Mume wangu aliweka kitawi chini. Alinitazama kwa huruma, ile huruma anayopewa mtu asiye na akili timamu.

"Mama Musimbi," alisema kwa upole, "wewe ni mtu wa akili. Cornelius alikupa mara moja tu, kwa sababu bibi yake alikuwa mgonjwa. Hiyo si kusema atakupatia kila mwaka. Sasa unaendanga kumlimia bure kwa nini? Unatafuta nini huko?"

Nilifungua mdomo. Majibu ninayo mengi, nimekuwa nikimwekea tangu mwaka wa mvua, mengine nimeyarudia moyoni kila nilipokuwa nasonga obusuma ya kula na chumvi. Nilitafuta moja la kumchoma.

"Mwaka ule alinipa," nilisema.

Erastus alitikisa kichwa polepole, akikubali. Alinielewa kabisa, na katika miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kunielewa hivyo. Kisha akasogea kando kidogo, nipate mahali pa kukaa.